Waridi la Jangwa na Namna ya Kulilea

Msafiri apitaye barabara ya kutoka Mombasa kwenda Voi katika mwezi wa Februari, wakati ambapo nyika yote imekauka ikawa na rangi ya majivu, na miti ya miiba imesimama mitupu, na vumbi jekundu limetanda juu ya kila kitu kilicho karibu na njia, huweza kuona ghafula, ubavuni mwa jabali, mti mfupi mnene, usio na jani hata moja, uliovimba chini mithili ya mtungi, na katika ncha za matawi yake umebeba maua ya rangi ya waridi, yenye weupe kooni, mabichi kana kwamba yamenyeshewa alfajiri ile. Huo ndio mmea uitwao waridi la jangwa. Mwenye kuuona katika hali hiyo hutamani kuwa nao nyumbani, na tamaa hiyo si mbaya, maadamu anajua namna ya kuitimiza bila ya kuuondoa mti ule mahali ulipo.

Nimelea mimea ya namna hii katika ua wa nyumba yangu, karibu na bahari, kwa miaka mingi. Nimepoteza kadhaa na kufanikiwa katika mingi zaidi, na kila hasara na kila faida iliniongoza kwenye jambo moja, nalo ni kwamba haja zote za waridi la jangwa zaweza kusomwa katika nyika ile lilikozaliwa: jua lisilo kizuizi, ardhi ya mawe na mchanga isiyotuamisha maji, mvua nyingi ya siku chache, kisha kiangazi kirefu ambamo mmea huishi kwa akiba uliyojiwekea katika tumbo la shina lake. Mkulima akilishika neno hilo, mengine yote nitakayoyaeleza hapa atayaona kuwa ni matawi ya shina moja.

Kwanza yafaa tuondoe kosa la jina. Wauzaji wa miche aghalabu huuweka mmea huu pamoja na dungusi kakati za kila namna, na wanunuzi wengi huuchukua kwa kudhani kwamba ni dungusi kakati isiyo na miiba. Sivyo. Dungusi kakati ni jamii ya Amerika, na isipokuwa aina moja tu ininginiayo juu ya miti ya misitu yetu, hakuna iliyozaliwa barani Afrika. Hata mpungate, ambao wengi wetu tuliukuta ukiwa ua wa mashamba na tukala matunda yake utotoni, ni mgeni aliyeletwa. Waridi la jangwa ni mwenyeji. Nasaba yake ni ile ya msanapichi na mbungo, na makazi yake yanaanzia Senegal, yakapita ukingoni mwa Sahara hata Sudan, Ethiopia na Somalia, yakashuka Kenya na Tanzania, na yakavuka bahari hata Yemen na milima ya Dhofar katika Oman. Nasema haya si kwa kuwachukia wageni, bali kwa sababu mgeni akiachwa bila mipaka huweza kuwa balaa: wafugaji wa Laikipia wameona malisho yao yakimezwa na mpungate, ambao matunda yake hujaza vijiba visivyoonekana katika midomo ya mbuzi, na mbegu zake huchukuliwa na tembo na nyani hata mbali. Mtu atakaye mmea wa jangwa uchanuao katika bustani yake, ilhali nchi yake imemzalia ulio mzuri hivi, hana haja ya kuanza na wa ng'ambo.

Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum, na nyuma ya jina hilo iko habari ya huzuni ambayo sipendi kuipita. Mwaka 1761 mfalme wa Denmark alituma ujumbe wa wanavyuoni kwenda Arabuni, na miongoni mwao alikuwamo kijana Peter Forsskål, mwanafunzi wa mtaalamu wa mimea Linnaeus, aliyekusanya mimea ya Misri na Yemen kwa bidii isiyo kifani. Alikufa kwa homa ya malaria katika mji wa Yarim, Yemen, mwaka 1763, hali umri wake ni miaka 31. Katika ujumbe ule alirudi Ulaya mtu mmoja tu, Carsten Niebuhr, naye ndiye aliyeyachapisha maandishi ya mwenziwe mwaka 1775, na humo ndimo mmea huu ulimoelezwa kwa mara ya kwanza. Neno obesum maana yake ni nene, kwa ajili ya lile tumbo la shina. Na Adenium, jina ulilopewa baadaye, mwaka 1819, husemwa kuwa latokana na Aden, bandari ambayo mabaharia wetu wa pwani waliijua kama walivyojua Lamu na Unguja.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mmea huu hupatikana kwa njia tatu: kwa mbegu, kwa kipandikizi cha tawi, na kwa kununua mche uliokwisha kukua. Mimi nakushauri mbegu, au mche uliooteshwa kwa mbegu, kwa sababu tumbo la shina, ambalo ndilo nusu ya uzuri wa mmea, hujengeka vema katika mche wa mbegu tangu wiki zake za kwanza, ilhali tawi lililopandwa hutoa mizizi na maua, lakini tumbo lake huwa dogo na huchelewa mno. Ukinunua mche, usidanganywe na maua yaliyo juu, tazama chini. Bonyeza shina taratibu kwa kidole gumba: likiwa gumu kama embe bichi, chukua, likibonyea mahali pamoja, liache hata kama umepewa kwa bei nafuu. Iko pia miche ya kuungwa, yenye maua ya tabaka mbili au ya rangi nyekundu iliyokoza na hata ya njano, ambayo wakulima wa Thailand na Taiwan wameizalisha kwa ustadi mkubwa. Hiyo ni mizuri, ila mwenye kuinunua ajue kwamba tawi lolote lichipukalo chini ya mahali palipoungwa ni la shina la asili, na asipolikata mapema litashinda lile la juu.

Mbegu iwe mpya, kwani nguvu yake hupungua kadiri inavyokaa. Ni kijiti kidogo cha rangi ya hudhurungi, kirefu kuliko punje ya mpunga, chenye manyoya ya hariri katika ncha zake zote mbili. Ilaze juu ya mchanga uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, uifunike kwa mchanga mwembamba wa kina cha nusu sentimita, uiweke mahali penye joto na mwanga usio wa jua kali, na unyunyize maji kidogo kila siku. Katika joto la pwani huchipua baina ya siku ya 4 na ya 8. Huo ndio wakati pekee katika maisha ya mmea huu unaopaswa kuuhurumia kwa maji ya kila siku. Ukishapata majani 6 au zaidi, anza kuuzoesha kungoja.

Chungu cha udongo wa kufinyanga ni bora kuliko cha plastiki, kwa sababu kuta zake hupumua na kukausha udongo ulio ndani, lakini chochote utakachotumia kiwe na matundu chini, na matundu yawe makubwa kiasi cha kupitisha kidole. Kiwe kipana kuliko kilivyo kirefu, wala kisiuzidi mmea kwa zaidi ya vidole 3 kila upande, maana udongo mwingi usio na mizizi hubaki na maji yasiyo na mnywaji. Mchanganyiko ninaoutumia ni huu: sehemu 3 za mchanga mkubwa na kokoto ndogo, sehemu 1 ya samadi ya mbuzi iliyooza hata ikawa haina harufu, na sehemu 1 ya mkaa uliopondwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Mchanga wa pwani usiutie kama ulivyotoka ufukweni; uoshe kwa maji baridi mara 3 au 4, kwani chumvi yake huunguza mizizi. Ukitaka kupanda ardhini moja kwa moja, jambo ambalo lawezekana kote pwani na katika nyika, usichimbe shimo ukalijaza, bali jenga tuta la mawe na mchanga lenye kimo cha kama sentimita 30, upande juu yake, ili mvua iteremke pande zote. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi usiupande ardhini kabisa.

Jua lisipungue saa 6 kwa siku. Mmea uliowekwa barazani penye kivuli hautakufa, walakini utarefusha matawi kama mtu anyooshaye shingo kutafuta mlango, na hautachanua. Ikiwa mche umetoka kivulini, uhamishe kwa hatua, siku chache juani asubuhi tu, kisha adhuhuri pia, kwani hata wa jangwani huungua akitolewa gizani ghafula.

Nakuja sasa kwenye maji, na hapa nitakawia, kwa kuwa hapa ndipo miche mingi inapofia. Mche wangu wa kwanza niliununua kwa muuzaji wa kando ya njia, ukiwa na maua 3, nami kwa mapenzi niliyokuwa nayo nikautia katika debe lililojaa udongo mzuri mweusi wa bustani ya mboga, nikawa nikiumwagilia asubuhi na jioni. Mwezi wa kwanza ulinawiri. Masika ilipoingia majani yakaanza kuwa ya njano, nami nikidhani una kiu nikauongezea maji. Na siku moja nilipougusa ili kuuondolea jani lililokauka, shina zima lililala mkononi mwangu, laini, lenye harufu ya embe lililooza, na ndani mlikuwa na maji ya kahawia. Niliuua mmea ule kwa kuupenda bila ya kuuelewa, na tangu siku hiyo kila mtu anayeniomba mche humwambia habari hii kabla sijampa.

Kanuni ni hii: mwagilia kwa wingi, kisha acha pakauke kabisa. Mimina maji hata yatoke chini ya chungu, maana ndivyo mvua ya nyika inyeshavyo, halafu usiuguse tena mpaka udongo uwe mkavu hata chini. Ili kujua, chukua chelewa ya ufagio, uichomeke kando ya chungu hadi kitako, uiache kwa dakika chache, kisha uichomoe. Ikitoka na chembe za udongo zilizoganda, bado. Ikitoka safi na kavu, waweza kumwagilia. Kwangu mimi, katika joto la kaskazi, baina ya Desemba na Machi, mimea mikubwa hunywa mara 2 kwa wiki. Masika ikianza huiingiza chini ya upenu na siipi maji yoyote maadamu hewa ni ya unyevu. Na katika kipupwe, upepo wa kusi ukivuma, hunywa mara 1 kwa siku 10 au 14. Hesabu hizi ni za ua wangu na vyungu vyangu, na chelewa yako itakuambia hesabu zako. Majani yakipukutika wakati wa baridi au wa ukame, usifadhaike: mmea umelala, na aliyelala hanyweshwi.

Tumbo la shina nalo lina lugha yake, na mwenye kuisoma hahitaji mwalimu mwingine. Likinywea pande zote kwa usawa, na ngozi ikafanya mikunjo myembamba kama ya mkono wa mzee, hiyo ni kiu, na maji ya siku moja hulirudisha katika siku 2 au 3. Likiwa gumu kote ila mahali pamoja ambapo pamekuwa peusi kidogo, penye unyevu, panapobonyea kidole kisipate upinzani, huo ni uozo, na hapo hakuna kungoja kesho. Ung'oe mmea, ukung'ute udongo wote, uoshe mizizi, kisha kwa kisu kikali kilichopitishwa motoni ukate sehemu iliyooza, kipande kwa kipande, ukifuta kisu kila mara, mpaka ufike kwenye nyama nyeupe iliyo safi, isiyo na doa wala mshipa wa kahawia. Ukiacha doa moja la ukubwa wa kichwa cha sindano, uozo utaanza upya. Paka kidonda unga wa mkaa au wa kiberiti cha bustani, uuning'inize mmea mahali pakavu penye kivuli na upepo kwa siku 10 hadi 14, mpaka kidonda kifanye ngozi ngumu, ndipo uupande katika mchanganyiko mkavu, na usiutie maji kwa wiki nyingine nzima. Nimeuokoa kwa njia hii mmea uliobaki na robo tu ya tumbo lake, nao leo una matawi 11.

Wakaao nchi za baridi, kama Nairobi, Iringa au Arusha, wajue kwamba adui yao si baridi peke yake bali ni baridi pamoja na maji. Joto likishuka chini ya digrii 10 mmea huacha kukua, na udongo uliolowa katika hali hiyo huozesha mizizi; kwa hiyo baina ya Juni na Agosti uwekwe chini ya paa, ukiegemea ukuta unaotazama kaskazini, ambako jua la miezi hiyo hupiga, nao uachwe mkavu. Ndugu zetu walioko Maskati na miji mingine ya Ghuba wana taabu ya kinyume: katika kiangazi chao chungu kilichowekwa juu ya saruji hupata moto kiasi cha kuchemsha mizizi, basi wakiweke juu ya mawe au vipande vya mbao, wakiwekee kivuli cha mchana, na wamwagilie magharibi jua likishatua. Mwenye kuishi Ulaya sharti auingize ndani mapema kabla ya majira ya baridi, karibu na dirisha lenye jua, na aukaushe hata majira yatakapofunguka.

Chakula hakitaki maneno mengi. Konzi moja ya samadi kongwe mara 2 kwa mwaka, mmea ukiwa katika kukua, na kijiko cha jivu la kuni kwa ajili ya maua, yatosha. Samadi ikizidi matawi hurefuka na kulegea, na maua hupungua.

Kupogoa ni faradhi kwa mwenye kutaka maua mengi, kwa sababu maua huzaliwa katika ncha za matawi, na tawi 1 likikatwa huchipua 2 au 3. Mimi hufanya kazi hiyo mwezi wa Septemba, kusi ikianza kulegea, siku iliyo kavu, na kila jeraha hulipaka jivu au unga wa mkaa ili utomvu ugande. Matawi yaliyokatwa usiyatupe. Yaache kivulini wiki moja yakauke vidonda, kisha yapande mchangani, ukawape majirani. Kila baada ya miaka 2 hivi, uuhamishie chungu kingine, na kila unapouhamisha uuinue juu sentimita 2 au 3 zaidi ya ulivyokuwa, ili mizizi minene ya juu ionekane. Ndivyo mmea upatavyo lile umbo la mzee aliyekaa kitako ambalo watu hulipendea.

Kuhusu wadudu, vidung'ata, wale weupe walio kama pamba, hujificha katika mapindi ya majani, na vidukari vya njano hukusanyika juu ya machipukizi. Vyote hivyo huondoka kwa maji ya sabuni yakinyunyizwa jioni kwa siku chache mfululizo. Utitiri huja wakati wa ukame mkali na kuyafanya majani kuwa na vumbi la madoa. Uyaoshe kwa maji. Lakini mgeni wa ajabu kuliko wote ni kiwavi mkubwa wa kijani, mnene kama kidole, mwenye mabaka mawili ya buluu mithili ya macho karibu na kichwa, ambaye kwa usiku 2 huweza kuula mmea mzima ukabaki vijiti. Sumu ya mmea haimdhuru. Tafuta kinyesi chake cheusi cha mviringo juu ya udongo, kisha inua macho, utamwona. Muondoe kwa mkono, nami huwapeleka mbali katika vichaka badala ya kuwaua, kwani nondo atokaye kwao ni wa uzuri usioelezeka.

Nimetaja sumu, na sitaki msomaji apite bila kulishika jambo hili. Utomvu wa waridi la jangwa hushambulia moyo. Wahadzabe, wawindaji wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, hutoa utomvu huo na kuupika hata ukawa mzito, wakaupaka kwenye vyembe vya mishale, na mnyama mkubwa huanguka kwao. Basi, kila ushikapo kisu kwa kazi ya mmea huu, kisiwe cha jikoni. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho au chakula. Uweke mahali ambapo mbuzi na watoto wadogo hawafiki. Na yeyote atakayekuambia kuwa ni dawa ya kunywa, usimsikilize. Mtu akiutafuna, apelekwe hospitali mara moja, na kipande cha mmea kichukuliwe pamoja naye ili daktari akione.

Limebaki jambo la mbegu, nalo ndilo linipalo furaha kubwa kuliko yote. Katika ua wa nyumba mmea huu huzaa kwa shida, kwa sababu chavua imefichwa mno, na aghalabu ua halikubali chavua ya mti wake wenyewe. Kwa hiyo unahitaji mimea 2 iliyochanua kwa wakati mmoja. Chuma ua moja asubuhi, umande ukishakauka, ulipasue koo kwa ukucha kutoka juu hata kitakoni. Ndani utaona mikia 5 mirefu yenye manyoya, nayo kwa chini imeungana ikafanya kijihema kidogo chenye ncha, kigumu, kikubwa kama punje ya mchele. Fungua kijihema hicho kwa ncha ya chelewa uliyoichonga, na juu yake, ndani, utakuta unga mweupe unaonata. Hiyo ndiyo chavua. Ichukue kwa chelewa hiyo, uende kwenye ua la mmea wa pili, ambalo limebaki mtini, ulipasue koo upande mmoja, kisha uipenyeze chavua kwa chini kupitia mwanya ulio baina ya kuta mbili za kijihema. Mkono hutetemeka mara za kwanza, na katika maua 10 huenda likashika 1. Likishika, utaona baada ya wiki chache pembe 2 za kijani zikitokea pamoja, zikitazama pande mbili kama pembe za ng'ombe, nazo hukomaa kwa muda wa miezi 2 au 3. Zifunge kwa uzi mapema, mahali 3 au 4, kwa maana zikikauka hupasuka ghafula, na upepo huchukua mbegu zote kabla hujapata habari.

Kwa mbegu hizo, msomaji, utaona ua la kwanza la mche wako katika muda wa mwaka 1 au mwaka 1 na nusu. Ule mti wa kando ya njia ya Voi, wenye tumbo pana kama pipa, umechukua miongo mingi kufika pale, na wanaoung'oa ili kuuza mjini hukata mizizi yake mikubwa, ukaoza debeni kwa mnunuzi asiyejua sababu. Ukiuona, simama uutazame, na kama una pembe zilizokauka chukua mbegu chache zinazofikiwa na mkono wako. Mti wenyewe, tafadhali, uache pale ulipo.